Baridi ya Kukodi

Jumatatu, 3 Novemba

Bwana Skafu ametangaza rasmi. Jumba letu la makumbusho litafanya maonyesho ya majira ya baridi! Mila za baridi kutoka kila pembe ya dunia. Alisema hivyo jasho limemchora ramani mgongoni. Nje lami inanasa viatu kwa joto. Ndani feni inachukua moto wa meza hii inaupeleka meza ile.

Bwana Skafu ndiye mkurugenzi. Jina nimempa mimi, moyoni tu. Aliwahi kwenda semina nchi za baridi, wiki chache, akarudi na skafu ya sufu na mpaka leo haijamtoka shingoni. Anasema shingo ilishazoea. Shingo! Mwili mwingine wote bado wa hapahapa.

Mimi ni mshoni wa makumbusho. Nashona mavazi ya masanamu, natia viraka, narudisha vifungo. Nikauliza, theluji tutaitoa wapi? Akasema, dada, ubunifu. Neno hilo likitoka kinywani mwake maana yake bajeti hakuna.

Jioni nimemhadithia mama mkwe. Akasema: "Basi utaona anakoishi mwenzio."

Kweli. Mume wangu yuko kwenye baridi hiyohiyo, mwaka wa tatu huu. Picha yake ipo sebuleni: koti limevimba kama godoro, nyusi zimeganda barafu, nyuma yake ukuta mweupe. Mama anaifuta vumbi kila asubuhi kabla hajanawa uso. Tunaishi wawili, mimi na yeye, na ile picha. Yeye ana mwana kwenye fremu. Mimi nina mume kwenye simu — akipatikana.

Alhamisi, 6 Novemba

Tumegawiwa kazi. Chumba kimoja, msichana mwenye taji la mishumaa kichwani. Zimamoto wameshakataa mishumaa ya kweli. Kingine, watu wanaooga maji ya moto yaliyoelea malimau siku iliyo fupi kuliko zote. Kingine, wale wanaovaa manyoya na kengele kubwa kiunoni, wakapita mitaani kuifukuza baridi iende zake. Kingine, wanaotoboa barafu ya ziwa na kujitumbukiza ndani. Mama Tiketi — anauza tiketi mlangoni, ndiye shoga yangu pekee pale — akauliza hao wa kujitumbukiza wana kesi gani.

Na kile cha mwisho, kipenzi cha mkurugenzi: "Chumba cha Baridi Halisi." Atakodi mashine inayogandisha kama zile za maghala ya samaki. Wageni wataingia, watatetemeka, watatoka wakiwa wameelimika. Ndivyo alivyosema. Wameelimika!

Vazi la manyoya nalishona kwa zulia kuukuu la ukumbini. Lina harufu ya viatu vya wageni rasmi wote waliowahi kupita.

Jumanne, 11 Novemba

Theluji ya kwanza ilikuwa unga wa ngano. Bwana Skafu aliumwaga mwenyewe, kwa chekecheke, amesimama juu ya ngazi. Tazameni, tazameni! Tukatazama. Leo asubuhi tumekuta nyayo za panya zimeukata mlima mzima wa unga, na kinyesi juu kabisa kileleni. Mama Tiketi kasema basi, angalau kuna aliyeupanda.

Tumehamia pamba na sponji za magodoro.

Malimau ya chumba cha kuoga yanapungua kila siku. Leo nimekuta kipande kinaelea kwenye kikombe cha mhasibu. Akanitazama bila haya. Kasema ana mafua. Haya, baridi imeshaanza kufanya kazi.

Jumatano, 19 Novemba

Nimefanya kosa la kubeba ile picha ya mume wangu kwenda kazini. Nilitaka niangalie mishono ya koti, nishone mfano wake. Mama hakupenda itoke ukutani. Alisimama mlangoni mpaka nikakata kona.

Bwana Skafu akaingia karakana kutafuta pini. Akaiona. Huyu nani? Mume wangu. Yuko wapi? Kwenye baridi. Basi! Akaishika kwa mikono miwili kama mtu aliyeokota mtoto. Wiki zote hizi, dada, una hazina nyumbani umekaa kimya?

Sasa picha itakuzwa mpaka ifike dari. Nimeagizwa niandike kibao: "Ndugu Yetu Katika Baridi." Na siku ya ufunguzi, mume wangu atazungumza na wageni kwa video, moja kwa moja, kwenye pazia kubwa. Ushuhuda kutoka ndani ya majira yenyewe!

Nilipomwambia mama akaacha kijiko kwenye sahani. "Mwache mwanangu. Ana kazi zake. Watu wa picha wasimsumbue." Nikasema ni dakika chache tu. Akasema dakika chache huko ni nyingi. Sikuelewa hesabu hiyo, nikaosha vyombo.

Ijumaa, 21 Novemba

Alipiga jana. Sauti tu, kama kawaida yake. Nikamweleza. Visingizio vikaanza kushuka kama — sijui kama nini, mimi theluji nimeiona ya unga tu. Mtandao huku mgumu, mke wangu. Barafu inakaa kwenye minara. Halafu zamu. Halafu simu yenyewe ina ufa kwenye kioo.

Bahati mbaya Bwana Skafu alikuwa karibu. Akaninyang'anya simu. Mtaalamu wetu! Tunakuhitaji, mtaalamu!  Mume wangu alisoma mpaka pale ada ilipoishia, na maisha yake yote hajawahi kuitwa neno hilo. Lilimmaliza. Akakubali.

Sikulala vizuri, naandika asubuhi. Miaka hii yote sijamwona akisogea. Nimemwona ameganda tu. Nimesahau anavyokuna sikio akidanganya — hapana, anavyokuna sikio akifikiri. Alikuwa ananichekesha mpaka naishika meza. Hilo sijalisahau.

Ijumaa, 28 Novemba

Mashine ya ubaridi imefika. Kubwa kama gari la taka, na inanguruma vilevile. Fundi umeme — mtu mzima, mpole, anaongea na nyaya kuliko watu — ameiangalia, ameangalia waya wa ukutani, amevua kofia. Kasema hii ikiwashwa pamoja na taa zote, hasemi kitu. Bwana Skafu kasema vizuri, usiseme.

Madirisha yote yamefunikwa vitambaa vyeusi. Jua likiingia pamba inaonekana pamba.

Masanamu tumeazima duka la nguo. Yule wa kujitumbukiza kwenye barafu hana mkono. Mlinzi wa getini ndiye atavaa manyoya na kengele. Amejaribisha leo. Tumemtoa baada ya muda mfupi, tukammwagia maji. Baridi haikufukuzwa, lakini mlinzi karibu atuondokee.

Nimesuka nywele. Nimeshona blauzi mpya, ya kijani. Mama Tiketi kanizunguka mara moja kasema, mwingine ataonekana kwenye video, wewe ndiye umepambwa.

Jumanne, 2 Desemba

Naandika nikiwa nimekaa kitandani na blauzi ya kijani bado mwilini. Acha niandike yote kwa mpangilio, maana kichwani hayana mpangilio.

Ukumbi ulijaa. Mgeni rasmi mbele, kavaa suti ya sufu kwa heshima ya mada, uso umeiva. Mama mkwe safu ya mbele pia, Bwana Skafu kamweka hapo kama kielelezo. Mama wa mtaalamu! Watu wakampigia makofi. Mama akaangalia mapaja yake.

Hotuba. Majira ya baridi hutufundisha umoja. Hivyo ndivyo alivyosema, huku watu wote wanataka kuingia Chumba cha Baridi Halisi na hakuna anayetaka kutoka. Umoja ulikuwa mlangoni, wanasukumana.

Kisha taa zikapunguzwa. Pazia likawaka. Akatokea.

Mume wangu! Kanenepa. Mashavu yamejaa. Koti lilelile, kofia ya masikio, nyuma yake kitambaa cheupe. Akapunga mkono. Nikajikuta nami napunga gizani, kama mjinga, hanioni.

Akaanza. Huku ndugu zangu giza linaingia mchana. Huku ukitema mate yanafika chini yakiwa jiwe. Watu: aah! Huku tunaamka tunachimba mlango kwa koleo ndipo tutoke. Watu: ooh! Jasho likamwota juu ya mdomo. Kubwa tu, linang'aa, lilikuzwa mpaka likawa kama balbu. Mgeni rasmi akauliza mbona anatoka jasho. Bwana Skafu akadaka: ndani wana vipasha joto, mheshimiwa, vikali sana, hata mimi nilipokuwa kule —

Umeme ukakatika.

Mashine ya samaki ikashusha pumzi ndefu ikafa. Pazia likafa. Vitambaa vyeusi vyote viko madirishani, hatuoni hata pua zetu. Lakini kompyuta ya fundi ina betri, spika ina betri, mtandao ni wa simu ya fundi mwenyewe. Sauti ikabaki.

Na kutoka huko kwenye baridi, kwenye theluji ya kuchimba kwa koleo, tukasikia mtaa mzima: "Aaaaah!"

Ile aaah. Kila mtu aliye hai anaijua ile aaah. Haitokei popote isipokuwa umeme ukikatika, na ilitokea sekunde ileile na ya kwetu.

Halafu sauti ya mwanamke, karibu kabisa na simu: "Wameukata tena washenzi hawa! Na wewe si uvue hilo koti! Utaniangukia humu ndani kwa joto!"

"Shhh!"

"Unanishii mimi? Vua koti!"

 Kisha mume wangu, kwa ile sauti yake ya kitaalamu: "Haloo... haloo... ndugu zangu, hii ni dhoruba."

Alianza kucheka mtu mmoja nyuma. Halafu kumi. Halafu ukumbi wote, gizani, watu hawaonani wanashikana mabega. Mgeni rasmi alicheka kama mtu anayepaliwa. Mama Tiketi pia alicheka, nilimsikia, na simlaumu, angekuwa mume wa mwingine ningeanguka kwenye kiti.

Nikamtafuta mama kwa mkono. Nikaushika wake. Nilidhani utakuwa wa baridi. Ulikuwa wa moto, umetulia. Kasema taratibu, kama mtu aliyetua mzigo:

"Afadhali."

Afadhali! Nilidhani hajaelewa.

Jumatano, 3 Desemba

Nimeenda kazini. Nikikaa nyumbani nitavunja kitu, na vyombo vyote ni vyangu.

Mlinzi kanipisha getini bila neno, kainamisha kichwa kama kwenye msiba. Bwana Skafu hajanisalimia. Baadaye kaniita. Kasema nimeliaibisha jumba. Mimi! Nikamuuliza ni mimi niliyemwita mtaalamu? Akaishika skafu kwa mkono mmoja kama anataka kujinyonga, akasema nirudi karakana.

Ile picha iliyofika dari imegeuzwa ikatazama ukuta. Nyuma yake ni ubao mtupu. Imependeza.

Simu yangu ina ujumbe wa sauti chungu nzima kutoka kwake. Sijafungua. Unakaa pale na vidoti vyake vyekundu, kama upele.

Alhamisi, 4 Desemba

Foleni! Tangu nianze kazi hapa sijaona foleni ya watu kuingia makumbusho. Kumbe kuna mtu alirekodi. Klipu yenyewe nyeusi tii, sauti tu, imezunguka mji mzima. Kondakta anamwambia abiria: vua koti! Mwalimu anamwambia mwanafunzi mwongo: vua koti! Muuza vocha hapo nje kaniuliza, dada, wewe ni wa hapo ndani, kweli huyo jamaa yupo? Nikamwambia sijui, mimi mshoni tu.

Bwana Skafu amepona ghafla. Picha imegeuzwa tena. Sasa anasema uchunguzi unaonyesha maonyesho yamegusa jamii. Anataka kona ya kupigia picha: mgeni anavaa koti, halafu analivua, rafiki anarekodi. Na koti nishone mimi. Kaniambia hivyo akinitazama machoni. Nikatafuta aibu kwenye uso wake, nikaona skafu tu.

Nimelishona. Mkono mmoja nimeuziba kabisa kwa ndani, mishono ya nailoni. Wa kwanza kulijaribu alikuwa yeye. Amehangaika nalo mbele ya wageni mpaka Mama Tiketi akalazimika kumsaidia, na Mama Tiketi akisaidia huwa hana haraka.

Mchana nimefungua ujumbe. Nimekaa nyuma ya mlima wa pamba, nikasikiliza wote.

Wakala wa safari alichukua kila kitu akampa karatasi. Uwanja wa ndege wakazitazama karatasi wakacheka. Akakaa kwenye benchi la nje na begi lake mpaka jua likazama. Angerudi vipi? Mtaa mzima ulimsindikiza. Wazee walimshika kichwa. Mimi nililia mbele ya watu mpaka nikatoka kamasi. Akasema, ningeingiaje kwa mlango uleule, mke wangu, jioni ileile?

Akapata kazi kwenye ghala la samaki wa kugandishwa. Upande wa pili wa mji. Anapanga maboksi ndani ya friji kubwa kama nyumba. Koti la kazini. Barafu kwenye nyusi, ya kweli. Ukuta mweupe, wa kweli.

Kwa hiyo baridi hakunidanganya. Kanidanganya nchi tu.

Na yule mwanamke? Mwenye nyumba. Anasema ni mwenye nyumba wake, mtu wa makamo, hana baya. Nimeirudia sehemu hiyo. "Utaniangukia humu ndani." Mwenye nyumba gani anajua joto la mpangaji wake akiwa kwenye koti? Labda kodi yake inajumuisha na hilo.

Nilicheka. Halafu nikalia kwenye pamba. Pamba inafuta machozi vizuri, hiyo ndiyo faida pekee niliyoiona ya theluji yetu.

Jumamosi, 6 Desemba

Asubuhi mama alivaa viatu vya kutokea akaondoka. Nikadhani kaenda sokoni. Alirudi kabla ya mchana, mikono mitupu, uso umetakata.

"Nimemwona, kule ghalani," kasema.

Nikakaa.

"Amekonda kidogo." Amekonda! Mama huyu. "Analia. Anataka kurudi nyumbani."

"Nani kamkataza?"

"Kesho atakuja."

"Atakuja kutoka wapi, mama?"

Hapo ndipo akanipa mpango, na niliusikiliza mdomo wazi. Kesho mchana atakuja kwa teksi. Na sanduku. Teksi itapitia njia kuu, ile ya uwanja wa ndege, ipige honi tangu kona. Majirani ameshawaambia. Wataitwa, watakula, watacheza. Mimi nitatoka mlangoni nimpokee.

"Mama, mji mzima umeisikia ile sauti."

"Wamesikia giza. Hawajaona mtu."

"Jirani wa mbele kaiweka kuwa mlio wa simu yake! Nilimsikia jana, simu inaita: vua koti, vua koti!"

"Ndiyo maana," kasema. "Watu wanaamini walichokiona mwisho. Wakuone umemshika mkono, umebeba begi lake. Watacheka wiki, watachoka. Lakini ukimfungia mlango, mwanangu, hiyo hawatachoka."

Nikamwambia sitaki. Kasema hajaniuliza kama nataka. Hakusema kwa ukali. Alikuwa anachambua mchele, anatoa mawe moja moja anayaweka ukingoni mwa sinia.

"Na yule mwanamke?"

"Ni mtu mzima," kasema. "Ana meno ya bandia."

Nikasema meno hayahusiki na kitu. Mama akacheka, mimi nikacheka, halafu nikakumbuka nimekasirika, nikaenda chumbani.

Jumapili, 7 Desemba

Watu wameanza kuja tangu asubuhi. Viti vya kukodi vimepangwa uani. Jirani wa mbele kavaa shati jipya. Kanisalimia kwa sura iliyonyooka mno, yaani misuli yote ya uso ameishikilia kwa nguvu. Mkewe kauliza kama mgeni atafika salama, ndege siku hizi zinachelewa. Akaingia haraka jikoni. Nikasikia vicheko vimezibwa na leso.

Wote wanajua! Kila mmoja. Na wote wamekuja, wamepiga pasi, wameleta watoto. Bwana Skafu angewaona angelia kwa wivu. Hakuna aliyesukumwa na matangazo.

Mama Tiketi kanitumia ujumbe: vumilia au piga ngumi, nipo upande wako, ila usifanye vyote viwili.

Nimevaa. Ndiyo, ile ya kijani. Sina nyingine nzuri. Nimejifungia chumbani naandika magotini.

Honi. Iko kona.

Vigelegele. Vikali, vizuri, hata mimi mwili umesisimka. Mlango wa gari. Najua hatua zake, anaburuta mguu wa kushoto kidogo. Sikujua kwamba bado najua.

Mama ameingia. Amefunga mlango nyuma yake.

"Wanasubiri, mwanangu."

Nikamwambia nakuja. Halafu swali likanitoka, sikulipanga. Lilikuwa limekaa tangu jana kama mfupa. Maghala ya samaki yako mengi kule, yana kuta, yana mageti. Mimi mwenyewe sijui lake ni lipi, hakulitaja. "Mama, jana uliingiaje mle ndani? Si kuna walinzi?"

"Wananijua," kasema.

 

Wananijua.

Nimemuuliza: "Tangu lini?"

Akaja nyuma yangu. Akanifunga kifungo cha shingoni, kile cha juu, taratibu, kama unavyomfunga mtoto siku ya kwanza ya shule. 

"Ungeondoka," kasema. "Na mimi ningebaki na nani?"

 Nimeshika kalamu ili mkono uwe na kazi.

Uani wamemkalisha. Jirani wa mbele ndiye kaanza, nilijua atakuwa yeye. Kamuuliza kwa sauti ya heshima kabisa, kaka, baridi ya huko ikoje? Watu wote kimya. Hata watoto. Namsikia mume wangu anavuta pumzi.

"Acheni tu, ndugu zangu," anasema, "huko ukiamka asubuhi..."

Hakuna anayecheka. Mmoja anasema, hebu! Mwingine, endelea, endelea.

Mama amefungua mlango. Amelishika pazia la mlango juu, kwa mkono wake wote, ili nipite.